Fungua Kamera Namba Tatu

Ukitaka kumuudhi Mama Lifti, mwambie apumzike. Neno hilo aliambiwa na daktari, akaambiwa na mkwewe, akaambiwa na binti yake mara nyingi kuliko alivyoamkiwa shikamoo, na kila aliposikia alihisi kama mtu anamfunika shuka mpaka usoni. Apumzike na nini, jamani? Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa! Ndiyo kazi aliyoifanya maishani: mwendesha lifti kwenye jengo la ofisi la ghorofa kumi na tatu. Alikaa kwenye stuli, akavuta mlango wa chuma, akabonyeza kitufe, akatangaza ghorofa, akafungua. Alipanda juu kuliko kunguru wote wa mji ule, na hakuna hata siku moja aliyopanda kwa miguu. Ndiyo maana magoti yake hayakuzoea kazi, na alipofika miaka sitini na sita yakaanza kumgomea.

Na mtu asidhani kazi ile ilikuwa ya raha. Watu walikuwa wakiingia kwenye lifti yake, wanainua macho kutazama namba zinazowaka juu ya mlango, na wanabaki hivyo hivyo, shingo juu kama kuku anayekunywa maji, mpaka wafike. Wengine alisafiri nao miaka ishirini. Akikutana nao barabarani, hawamjui. Alikuwa na mwili, alikuwa na sauti, alikuwa na kofia ya kazi yenye utepe mwekundu, lakini macho yote yalimpita juu ya kichwa.

Sasa alikuwa anaishi peke yake ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo, kama kwa kumkomoa, lifti yake ilikuwa imekufa tangu mwaka aliozikwa mumewe. Ngazi kumi na nane kila ghorofa, sabini na mbili mpaka mlangoni kwake. Siku moja, akiwa na kikapu cha viazi, aliteleza kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Viazi vilishuka mpaka barabarani. Yeye alishuka ngazi sita tu, akakaa pale akicheka kwa aibu, goti limevimba. Kilichomshangaza hakikuwa kuanguka, ila mahali alipoangukia. Katika akili yake, kati ya ghorofa na ghorofa hapakuwa na mahali. Palikuwa na giza la sekunde nne, basi, halafu mlango unafunguka.

Binti yake akaja mbio. Huyu binti alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye akipiga meza mara moja watoto mia tisa wanasahau hata kukohoa. Alikuja na barafu ya kukanda goti, na alikuja na uamuzi.

"Unahamia kwangu, mama. Chumba cha chini. Hakuna ngazi hata moja, nimekiwekea na vyuma vya kushikia. Jumamosi ya kwanza ya likizo ndefu nakuja na gari."

"Nani kakwambia nahama?"

"Goti lako."

Chumba chenyewe Mama Lifti alikijua. Dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuupaka chokaa ukiwa umelala kitandani. Likizo ndefu ilikuwa bado miezi sita. Akanyamaza, si kwa kukubali, ila kwa kutafuta pa kushika.

Wiki iliyofuata binti akamletea zawadi, tableti mpya ndani ya boksi, na kwenye tableti akamfungulia ukurasa wa kamera. Ofisi ya utalii ya huko mbali, pwani fulani ambako milima inateremka mpaka ndani ya bahari, ilikuwa imefunga kamera nane zinazoonyesha kila kitu wakati huo huo kinapotokea, mchana kutwa.

"Unaona, mama? Bahari hii. Milima hii. Kila kitu unakiona ukiwa umekaa. Huna haja hata ya kutoka."

Hayo maneno ya mwisho, laiti angeyameza.

Maana Mama Lifti aliipenda ile nchi ya kwenye kioo, akaipenda vibaya sana. Kila asubuhi alikunywa chai yake, akaweka tableti juu ya meza, akaanza safari kwa utaratibu wake wa zamani. "Ghorofa ya kwanza, bandari! Wanaoshuka washuke!" Pale aliona mashua za injini zikipakuliwa kreti. Ya pili ilikuwa ufuo wenye kokoto nyeusi na mbwa mmoja asiye na kazi. Ya tano, kilele kilichokuwa na jua wakati kwake kuna mvua. Ya sita barabara inayojikunja mlimani, ya saba maporomoko ya maji, na ya nane uwanja wa mkahawa ambapo mhudumu mmoja mnene alikuwa akiiba viazi vya kukaanga kwenye sahani za wageni kabla ya kuzifikisha mezani. Mama Lifti alikuwa akimkemea kwa sauti.

Lakini ya tatu na ya nne ndizo zilizomteka. Kamera namba tatu ilionyesha mwanzo wa ngazi za mawe zilizochongwa ubavuni mwa mlima, zikipanda, zikipanda, mpaka zikaingia nyuma ya mwamba. Kamera namba nne ilikuwa juu kabisa, kwenye ukuta wa mnara wa taa ya meli, ikitazama chini: ngazi zinatokeza nyuma ya mwamba, zinapanda mpaka kwenye ukuta mfupi wa mawe, na ng'ambo ya ukuta ni bahari peke yake mpaka mwisho wa macho. Alizihesabu kwa ncha ya sindano. Za chini mia moja thelathini na moja. Za juu mia moja na tisa. Jumla mia mbili arobaini. Akaandika kwenye kalenda ya ukutani.

Halafu kulikuwa na Bwana Pua. Kila siku saa tatu kasoro robo picha ya kamera namba nne ilitikisika, kikatokea kitambaa, na nyuma ya kitambaa pua kubwa ya mwanamume, imejaa kioo kizima, ikienda kushoto na kulia. Alikuwa mfuta kamera. Mama Lifti hakuwahi kuuona uso wake mzima, ila pua ile aliijua kuliko alivyojua pua ya mkwewe. Alijua lini ilikuwa na mafua. "Kajifukize, bwana," alimwambia. "Usikae na mafua hivyo."

Siku moja binti alimkuta akizungumza na pua, akaogopa. Na mwalimu mkuu akiogopa, anafoka.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mtu wa kazini."

"Mama! Huwezi kukaa hapa peke yako. Ngazi za nyumba hii tu huziwezi!"

"Naziweza."

"Huziwezi!" Akapiga kioo cha tableti kwa kidole, pale pale kwenye kamera namba tatu. "Siku utakayopanda hizi, mama, hizi za mlimani, siku hiyo nitanyamaza. Sitataja chumba, sitataja goti. Nitanyamaza kabisa!"

"Utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Umesema mwenyewe."

Binti akaenda zake na akasahau, kama watu wanavyosahau maneno ya hasira. Mama yake akachukua kalamu, akaliandika neno lile kwenye kalenda, chini ya mia mbili arobaini. Akavaa viatu.

Chini mlangoni mwa jengo alikuwapo fundi viatu mmoja mwenye meza yake na stuli mbili, ya kwake na ya mteja. Siku ya kwanza alimwona Mama Lifti akishuka na kupanda ghorofa moja, moja tu, halafu akakaa kwenye stuli ya mteja jasho likimtiririka.

"Umesahau kitu juu?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya nini?"

Akamweleza. Mwanamume mwingine angecheka, au angekimbilia simu kumwita binti. Fundi alimtazama miguu tu, tena kwa kuchukia.

"Kwa viatu hivyo? Vua."

Akambandikia soli za mpira wa tairi, nene, zenye meno. Tangu siku hiyo fundi ndiye akawa mwenye kuhesabu. Wiki ya tatu ghorofa mbili. Mwezi wa pili zote nne bila kusimama. Kuna siku goti lilivimba akalala siku tano, akalia kwa hasira mpaka mto ukalowa, akaamka akaanza tena ghorofa ya kwanza. "Bado hujafa?" fundi alimuuliza. "Bado," alimjibu, "na nikifa utajua kwa kukosa mteja." Mwezi wa sita alikuwa anapanda jengo zima mara nne mfululizo. Mia mbili themanini na nane! Ngazi za mlimani zilikuwa mia mbili arobaini tu. Alikuwa na akiba.

Ijumaa ya kuamkia likizo akamkabidhi fundi tableti, akafunga kilemba chake cha njano, kile kikali ambacho binti alikuwa anakionea aibu, akapanda basi la safari ndefu. Alisinzia, akaamka, akasinzia, na jioni akashuka bandarini, ghorofa ya kwanza, akalala kwenye nyumba ya wageni. Mbwa wa ufuoni alikuwapo. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania.

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, amesimama chini ya ngazi zile, simu ikalia.

"Mama! Uko wapi? Nimegonga mpaka mkono unauma."

"Uko na nani?"

"Na wapakizi wawili na gari liko chini. Mama, tulikubaliana Jumamosi!"

"Wewe ulikubali. Mimi nilisikiliza. Mbona unahema hivyo?"

"Si hizi ngazi zako!"

"Ahaa," Mama Lifti akasema, na ile ahaa aliivuta. "Shuka kwa fundi viatu. Nimekuachia kitu."

Alisikia visigino vikishuka ghorofa nne, akasikia sauti za wapakizi zikilalamika nyuma, akasikia kelele za barabarani na fundi akimrudishia binti shikamoo aliyompa, maana yeye fundi ni mdogo kwa mwalimu mkuu. 

"Tableti? Mama, ya nini?"

"Fungua kamera namba tatu."

Akasubiri. Upepo ulikuwa unapuliza kilemba. Kamera ilikuwa juu ya nguzo upande wa kulia, kijisanduku cheupe kidogo kama cha kuwekea sabuni. Akakitazama usoni, akanyoosha mkono, akapunga.

"Huyo!" Ilikuwa sauti ya fundi, ikipiga kelele. "Mwenye kilemba! Na viatu ni vyangu, tazameni soli!"

"Toba, mama," binti akasema polepole. Halafu kwa nguvu, kwa sauti ya gwaride: "Mama, toka hapo! Toka hapo sasa hivi!"

"Ulisema nikizipanda utanyamaza."

"Nilisema lini?"

"Iko kwenye kalenda, ukutani. Nafunga simu sasa. Huu si mlima wa kupanda mtu ana simu mkononi."

Akaanza. Ngazi za mawe si kama ngazi za nyumba. Moja fupi, moja ndefu, nyingine imeliwa katikati na miguu ya watu waliokwisha kufa. Lakini soli zilishika. Akawa anakata safari kwa kumi na nane kumi na nane, na kila akimaliza kumi na nane anatangaza. "Ghorofa ya kwanza!" Anavuta pumzi. "Ya pili!" Kufika ya saba kifua kilikuwa kinawaka, ila moyo ulikuwa unacheka. Mia moja thelathini na moja. Akaingia nyuma ya mwamba, akashika jiwe, akainua macho kuutafuta mnara wa taa.

Hapakuwa na mnara.

Palikuwa na bonde. Ngazi zilizunguka mwamba, zikaingia kwenye bonde jembamba lenye kivuli, zikapanda upande wa pili, zikakata kona, zikapanda tena. Mwamba wa kamera ya tatu na mwamba wa kamera ya nne haukuwa mwamba mmoja! Kulikuwa na miamba miwili, na katikati yake mlima mzima ambao hakuna kamera iliyowahi kuuonyesha. Mtu mwingine yeyote angejiuliza mapema. Mtu mwingine angesema, hapo kati pana nini? Lakini huyu aliishi miaka thelathini na mmoja ndani ya sanduku, ghorofa moja inafungwa, nyingine inafunguka, na kati hakuna kitu. Akajiona mjinga, akajitukana kwa jina lake la utotoni.

Alipanda hivyo hivyo. Ghorofa ya tisa, ya kumi. Ya kumi na moja ilimchukua kupumzika mara tatu, na goti likaanza kuzungumza. Akakaa. Hakuamua kukaa, miguu iliamua. Pale ndipo alipomwona mwanamume anashuka na ndoo mkono mmoja na kingazi kifupi begani, na kitambaa kimening'inia mfukoni. Mama Lifti akaitazama pua.

"Bwana! Yale mafua yalipona?"

Mwanamume akasimama ghafla, maji yakamwagika. "Shikamoo, mama. Tunafahamiana?"

"Marahaba. Mimi nakufahamu. Kila siku saa tatu kasoro robo unaniingia nyumbani kwangu. Hasa upande wa kushoto wa pua, hapo penye kovu."

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa akaweka ndoo chini, akakaa ngazi moja chini yake, akashika pua yake kwa aibu.

"Kuna mtu anatazama?" aliuliza. "Miaka minne nafuta vioo hivi. Nilijua hakuna anayetazama."

"Mimi natazama. Na leo binti yangu anatazama, na fundi viatu, na wapakizi wawili. Zimebaki ngazi ngapi?"

"Kipande hiki kina mia moja sitini na nne. Umepanda kama sabini. Halafu mia na tisa za juu."

Mama Lifti akapiga hesabu, na hesabu ikampiga yeye. Simu ikalia.

"Mama, umepotea! Hatukuoni kwa tatu, hatukuoni kwa nne. Uko wapi?"

"Niko katikati."

"Kamera gani?"

"Katikati hakuna kamera."

Aliyekuwa anapumua upande wa pili hakuwa tena mwalimu mkuu. "Mama, nakuomba. Ukianguka huko nitajuaje? Siku ile ya viazi ulikaa kwenye ngazi nusu saa nzima peke yako, mimi niko kwenye mkutano nakunywa soda. Silali, mama, tangu siku ile. Naogopa."

Yalimwingia. Alikuwa amejiandaa kwa amri, hakujiandaa kwa haya. "Najua, mwanangu," akasema. "Hata mimi naogopa. Lakini naogopa ukuta wa jirani yako zaidi." Akafunga simu kabla sauti haijamsaliti.

Bwana Pua alikuwa amesikia yote, maana mlimani hakuna siri. Akajikuna shingo. "Mama, sikiliza. Hapo kwenye kona kuna kinjia kinatoka kwenye barabara ya nyuma. Pikapu yangu ya kazi iko pale. Dakika tatu nakufikisha karibu na mnara, unateremka nyuma ya ule mwamba wa juu, unatokeza mbele ya kamera unapanda zile mia na tisa. Nani atajua? Kipande hiki hakionekani na mtu."

Tusidanganyane, alitaka. Alitaka kwa magoti yote mawili. Aliwaza kiti cha pikapu, aliwaza mgongo ukiegemea, na kweli kabisa hakuna binadamu angejua. Angepunga, wangeshangilia, wapakizi wangeondoka na gari lao tupu. Alikaa akiwaza hivyo mpaka jasho likapoa.

"Kwenye hiyo pikapu," akauliza, "mtu anasimama au anakaa?"

"Anakaa, mama."

"Basi hapana. Kupanda nimekaa nimeshapanda kwa miaka thelathini na mmoja. Nipe mkono niinuke, halafu uuachie."

Akampa mkono, akauachia. Hakushuka tena, aligeuka na ndoo yake akamfuata nyuma, ngazi nne chini, bila kusema neno, na hilo Mama Lifti alilipenda. Ghorofa ya kumi na mbili alipanda kama mtoto, kwa mikono na miguu. Ghorofa ya kumi na tatu ilikuwa ndiyo ya mwisho maishani mwake, juu yake lile jengo la ofisi lilikuwa na paa tu na matangi ya maji. Akasimama pale, anamwangalia mfuta kamera.

"Ghorofa ya kumi na nne," akatangaza kwa sauti iliyokauka, "haikuwepo. Leo ipo." Akainua mguu.

Ilipotimia ya kumi na sita na ngazi chache akatokeza nyuma ya mwamba wa juu. Mnara huo hapo! Mweupe, mnene, na kwenye ukuta wake kijisanduku cheupe kikimtazama. Simu ililia mfukoni akaiacha ilie, alijua sasa wanamwona, alijua fundi anahesabu kwa vidole. Lakini alipoinua kichwa kupunga, kitu baridi kikampita shavuni. Akageuka. Bahari haikuwepo. Ukungu ulikuwa unapanda mlima kwa haraka, umeshameza bonde, umeshameza mwamba, na kufikia ghorofa ya kumi na nane ulikuwa umemmeza na yeye. Hakuona miguu yake. Alipanda kwa kupapasa, akihesabu, ya ishirini, ya ishirini na moja, ya ishirini na mbili na ngazi nane za bure. Mkono wake ukagusa ukuta mfupi wa mawe. Mia nne na nne. Amefika juu.

Akapiga simu mwenyewe. "Nimefika."

"Mama? Uko salama? Tunaona nyeupe tupu. Ulitokeza kidogo pale kwenye mwamba, halafu kioo kizima kikawa nyeupe."

"Ni ukungu. Mimi niko juu. Nimeshika ukuta."

Bwana Pua alikuwa ameshapanda kwenye kingazi chake, anafuta kamera kwa bidii zote. "Nimefuta, mama," akasema kwa huzuni. "Haisaidii."

"Naona pua!" fundi akapiga kelele kwenye simu. "Sasa hivi naona pua tu!"

Mfuta kamera akaomba simu. "Dada, mimi ni mfanyakazi wa hapa. Nathibitisha mama yako amefika. Ngazi zote, kwa miguu, nimemfuata nyuma."

"Sawa, sawa, nashukuru sana." Binti alikuwa analia sasa, na kucheka. "Mama, basi. Nimekuamini. Nimeamini kabisa. Shuka taratibu na huyo bwana akushike mkono, gari la wapakizi nalirudisha. Imekwisha, mama, umeshinda."

Na hapo, ndugu yangu, ndipo mtu mwenye akili angeshuka. Ameshinda, ameambiwa ameshinda, ana njaa, goti limefura kama mkate. Lakini Mama Lifti alikaza uso kwenye ule ukungu.

"Sitaki kuaminiwa," akasema.

"Unataka nini sasa?"

"Nataka kuonekana. Nakaa hapa mpaka kufunguke. Ikifika jioni, ifike. Waambie na wapakizi wakae, kama wana haraka wasimame."

"Mama, kuna baridi huko!"

"Ipo. Nimevaa sweta."

Akakaa juu ya ukuta. Akavua viatu vya tairi, akavipanga pembeni, akatoa mkate kwenye mkoba, akaukata nusu akampa Bwana Pua. Walikula wawili hao ndani ya weupe ule bila kuonana vizuri. Simu aliiweka mapajani, imefunguliwa, na ndani yake alisikia maisha ya mlangoni kwake yakiendelea: nyundo ya fundi, pikipiki ikipita, mpakizi mmoja akiuliza kama yule bibi amelala, na binti akimjibu kwa ukali, "Huyo si bibi, ni mama yangu, na hajalala." Saa moja ikapita, na nusu. Mara mbili Bwana Pua alipanda kufuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu.

Kisha upepo ukageuka. Ulianza chini kabisa, kipande cha maji ya kijani kikatokeza kama mtu amekwangua dirisha, halafu bandari, halafu mashua, halafu yote kwa pamoja, bahari nzima imelala wazi hadi mwisho wa macho, na milima inaingia ndani yake, na jua juu ya vyote. Miezi sita aliitazama kwenye kioo cha upana wa sahani. Hakuna aliyemwambia kwamba ina sauti. Hakuna aliyemwambia kwamba ina harufu. Mama Lifti akaweka mikono yote miwili kichwani juu ya kilemba cha njano na hakujua kama analia.

Simuni palikuwa pamelipuka. Wapakizi walikuwa wanapiga makofi, fundi anapiga nyundo mezani. "Mgongo! Naona mgongo! Na viatu vile pale!"

"Mama," binti akasema karibu kabisa na simu. "Nakuona."

"Sema tena."

"Nakuona, mama. Geuka basi tukuone na uso. Punga mkono."

"Nina kazi," Mama Lifti akajibu, bila kugeuka, macho baharini. "Umeniona?"

"Nimekuona."

"Nimepanda?"

"Umepanda."

"Haya. Timiza."

Binti akavuta pumzi ya kusema kitu, ilisikika wazi, pumzi ya mtu mwenye maneno mengi juu ya goti na dawa na basi la kurudia. Akaizuia. Nyuma yake kelele za fundi na wapakizi zikafifia, wote wakimtazama yeye. Mwalimu mkuu akanyamaza. Hakukata simu, na mama yake hakukata simu, wakabaki hivyo muda mrefu bila neno, mmoja akitazama bahari na mwingine akitazama mgongo wa mama yake.